Barakoa Iliyobaki Msumarini

Kalyna, Saskatchewan
12 Novemba 1961

Nestor mwanangu,

Kifurushi hiki usikifungue mbele za watu. Kifungulie chumbani kwako, ukae kitandani kwanza. Juu kuna soseji za kitunguu saumu, na chini yake, ndani ya taulo, kuna barakoa yako ya golini. Imekamilika. Mjomba Panko ameipiga msasa mpaka imekuwa laini kama yai.

Unakumbuka tulivyokulaza juu ya meza ya jikoni mwezi wa nane? Soksi yangu ya nailoni kichwani, mafuta ya mgando usoni, mirija puani, Mjomba anakumiminia ile plasta ya kufungia mifupa, na baba yako amesimama mlangoni anasema, "Mzikeni kabisa, si mmeshaanza?" Ukacheka, plasta ikapasuka, ikabidi turudie. Basi ule uso wa plasta Mjomba aliupeleka gereji kwake, akautandazia kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi, ile ile anayozibia mabodi ya magari yaliyoliwa na kutu. Anasema gari likigonga ng'ombe, mahali alipoziba yeye ndipo pasipobonyea.

Uso wenyewe wa plasta nimeuweka rafuni chini ya picha ya Bikira. Umefumba macho. Asubuhi nikipita na ndoo ya maziwa nauambia, haya, amka wewe.

Nestor, mama yako si mtu wa shule lakini macho ninayo. Tangu kile kisahani cheusi cha mpira wa magongo wa barafuni kikupige usoni majira ya baridi yaliyopita, kwenye mechi ya hapa nyumbani, unageuza kichwa kizima ukitaka kuona chumvi iliyo kushoto kwako. Mwanga wa theluji unakutoa machozi. Ukasema mafua. Mafua gani ya jicho moja, mwanangu? Ivae. Ivae kila mechi. Watakucheka, wacheke, hao ambao meno yao yanalala kwenye glasi ya maji.

Na uvae soksi mbili, ya pamba ndani, ya sufu nje. Unajua miguu yako.

Mama yako,
Tekla


Port Garnet, Ontario
27 Novemba 1961

Mama,

Soseji zimekwisha kabla sijavua koti. Wenzangu hawa wana pua kama mbwa wa polisi. Barakoa imenikaa barabara, hata kovu langu la kidevuni limeingia mahali pake.

Siku ya kwanza nilipotoka nayo kwenye barafu, mlinzi wetu mmoja, jitu kubwa, akapiga ishara ya msalaba: "Jamani, mzimu!" Mwingine akaniuliza nyuki wangu nimewaacha wapi. Na watazamaji wa viti vya juu wakaanza kunipigia kelele, "Bibi harusi! Tufunulie shela!" Lakini nimedaka, Mama. Nimedaka kila kitu. Kisahani kimoja nilikiacha kinipige usoni makusudi, nikakiokota, nikamwambia aliyekipiga, "Kaka, umeangusha kitu chako."

Asiyependa ni Kocha Haskett. Anasema kipa anayeficha uso ameshayakubali magoli kabla hayajaingia. Amenipa mpaka Krismasi ya huku kwao, ya Desemba, si yetu ya Januari. Baada ya hapo nivue au nikae benchi. Nitamzungusha taratibu. Akizoea kushinda hataangalia tena nimevaa nini kichwani.

Usiwe na wasiwasi. Jicho ni zima. Na Baba usimwambie habari ya bibi harusi.

Nestor


Kalyna
4 Desemba 1961

Bwana Haskett mheshimiwa,

Wewe hunijui. Mimi ni mama wa kipa wako, Nestor. Lugha yenu naiandika kama ninavyolima, mistari imepinda, uniwie radhi.

Nakuomba kama mzazi kwa mzazi, mwache mwanangu na barakoa yake. Usimpe siku ya kuivua. Yeye hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi: jicho la kushoto haliko sawa na kichwa kinamuuma sana. Alipokuwa mdogo aliogopa radi, alikuwa anakimbia kuja kujificha ndani ya aproni yangu. Basi kiangazi hiki, mtu mzima ana ndevu, nilimkuta ndani ya shimo la viazi amekaa gizani, amejifunika aproni ile ile machoni, analia kwa maumivu. Nikakaa naye mpaka yakapoa. Hakuna anayejua, hata baba yake.

Mimi sijui mpira. Najua uso wa mwanangu tu. Tafadhali asijue kwamba nimekuandikia, ataona aibu.

Nakuletea mtungi wa matango ya chumvi, nimeyatia bizari kwa mkono wangu.

Kwa heshima,
Tekla Hawryluk


Port Garnet
13 Desemba 1961

Bibi Hawryluk mpendwa,

Matango yamefika salama na yamekufa kishujaa! Barua yako nayo imefika. Nimefundisha mpira tangu baadhi ya vijana hawa wakiwa kwenye nepi, lakini kitu kitamu kama kile sijapata kusoma. Niliwasomea wote kabla ya mazoezi, neno kwa neno. Ile sehemu ya aproni niliirudia kwa sababu waliokaa nyuma hawakusikia kwa vicheko.

Usilichukue vibaya. Chumba cha kuvalia ndivyo kilivyo, kinampika mtu. Na mwanao ni mwanamume, mama! Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaitundika barakoa kwenye msumari wake, akasema, "Haya, nani mwingine ana barua ya mama yake?" Tulimpigia makofi.

Kuhusu jicho, lala usingizi. Daktari wetu alimpima Septemba, akasoma herufi zote za ubaoni bila kukosea. Hofu za kina mama tunazijua, na tunawapenda kwa hizo hofu.

Wako,
Lorne Haskett, kocha


Port Garnet
14 Desemba 1961

Mama,

Wamenitundikia aproni juu ya barakoa. Ina maua mekundu, sijui wameitoa wapi. Nikiingia tu mmoja ananguruma kama radi na wengine wanatumbukia chini ya mabenchi wanalia, "Mama! Mama!" Hata mzee anayekwangua barafu naye ananguruma.

Umemwambia habari ya shimo la viazi. Mle tulikuwa mimi na wewe tu.

Nilikuwa nimebakiza kidogo nimshinde yule mtu. Kidogo tu, Mama. Alishaanza kusahau kunikumbusha. Sasa siwezi kuivaa tena hata nikitaka, na ungelijua hilo kama ungewahi kuishi na viumbe wengine zaidi ya ng'ombe.

Jumamosi nacheza uso wazi. Usiniandikie mimi wala mtu yeyote wa huku.

N.


Port Garnet
18 Desemba 1961

Bibi Hawryluk mpendwa,

Pongezi! Bila shaka mlisikia redioni, lakini redio haina macho.

Kisahani kilitoka mbali, kikapita katikati ya msitu wa miguu upande wake wa kushoto. Ni kama hakukiona kabisa. Kilimpata kwenye mfupa chini ya jicho, na mlio wake ulisikika mpaka kwenye viti vya nyuma kabisa. Alizimia kidogo. Tukamlaza kwenye benchi, daktari akaanza kumshona pale pale, na sindano ikiwa bado usoni akafumbua jicho moja akauliza, "Bado tunaongoza?" Akarudi golini, mama. Shavu limeumuka kama unga wa mkate, anaona kwa upande mmoja, na akakimaliza kipindi chote. Tulishinda. Uwanja mzima ulisimama.

Aproni nimeitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna atakayeitaja tena. Mwanao amefuzu.

Kwa desturi yetu kisahani kilichompiga mtu hivyo hakirudi mchezoni. Tumekibandika kwenye kibao cha mti na jina lake, kinakuja kwenu kwa posta. Barakoa nimeiacha pale pale msumarini, iwafundishe wanaokuja.

Wako,
Lorne Haskett


Kalyna
8 Januari 1962

Nestor mwanangu,

Umenikataza kuandika, najua. Hii si barua, ni mkate wa asali ambao umefuatana na karatasi.

Juzi ulikuwa mkesha wetu wa Krismasi. Nyota ilipotoka tulikaa mezani, ngano ya asali, supu ya bitiruti, samaki, na sahani ya marehemu tuliiweka kama kawaida kwa ajili ya bibi yako. Baba yako kwa kuchanganyikiwa akaimiminia sahani ile supu, akasema, "Hii ya Nestor." Nilimpiga mkono na kijiko.

Ile Jumamosi tulikuwa tunasikiliza redio. Mtangazaji akapaza sauti, "Ameanguka!", halafu nikasikia makofi, nikadhani kuna aliyefunga goli. Kumbe walikuwa wanakupigia wewe kwa kuinuka. Baba yako alipiga goti lake akasema "Hawryluk!" kama vile aliyeshonwa ni yeye. Kisahani kimefika. Amekiweka rafuni karibu na uso wako wa plasta. Mimi nakitoa, yeye anakirudisha.

Sikuulizi kitu. Niambie tu kama mkate unanukia vile vile, maana asali ya mwaka huu ni ya maua mengine.

Mama


Port Garnet
30 Januari 1962

Mama,

Mkate umefika. Nilipofungua karatasi chumba kizima kilinukia nyumbani.

Sina kinyongo, tuyaache. Uso umepona, nimebaki na mfereji mdogo tu shavuni, wasichana wanaupenda. Mara nyingine naona visahani viwili vinakuja, basi nadaka cha kulia, ndicho cha kweli. Natania, usianze kulia.

Nestor


Port Garnet
20 Oktoba 1969

Mama mkwe,

Ni Darlene, mke wa Nestor. Tulionana mara moja tu, kwenye mazishi ya baba mkwe, na nisamehe kwamba sikujua kupiga magoti kanisani kwenu wakati gani.

Utanichukia, lakini nasema yote. Timu ilimwacha miaka mingi nyuma, msimu ule ule alioanza kufungwa magoli ya kushoto. Alikwambia anapumzika goti. Goti ni zima. Mgodini walimwachisha kwa sababu taa zilimtia wazimu, dukani walimwachisha kwa sababu alimkaba mteja. Mapazia yetu hayafunguliwi. Nikiangusha kijiko ananiangalia kama nimempiga risasi. Jana anacheka na mtoto, leo ananiuliza mtoto huyu ni wa nani.

Na pua imekufa. Tangu Desemba ile hasikii harufu ya kitu chochote. Ule mkate wako wa asali wa zamani aliniambia aliutafuna kama sifongo, akanikataza nisikwambie kamwe. Basi wiki iliyopita aliweka birika kwenye jiko la gesi, likafurika, likauzima moto. Gesi ikaendelea kutoka. Mimi niliisikia tangu ngazini. Nilipofungua, Nestor amekaa mezani na gazeti, mtoto wetu amelala kwenye kochi, hataki kuamka. Nikapiga kelele. Akasema, "Una nini wewe, mbona unatuletea baridi?"

Mtoto ameamka, amepona. Lakini mimi sirudii siku nyingine kama ile. Nestor anakuja kwako kwa treni ya Alhamisi. Mtoto anabaki. Angalia tu ashuke na begi lake la kipa, maana bila hilo begi atapanda tena treni kulitafuta.

Usiponijibu nitaelewa.

Darlene


Kalyna
5 Desemba 1970

Bwana Haskett,

Ni mama wa Nestor tena. Niliapa sitakuandikia maisha yangu yote, na ningekitunza kiapo kama mguu wa mwanangu ungekuwa mzima.

Yuko huku kwangu. Kila asubuhi anapakia begi: pedi za miguu, glavu, viatu vya barafu, jezi yenu. Anakwenda nalo kwa miguu mpaka stesheni, anakaa kwenye benchi la nje kuisubiri treni ya kumleta kwenu. Anasema, "Kocha ataniita wiki hii." Treni ya abiria haisimami tena Kalyna, Bwana Haskett, wameifuta. Inapita ya ngano tu. Stesheni wameifunga kwa mbao. Mimi na kaka yangu Panko tunakwenda kumwokota kwa gari, na siku nyingine gari haliwaki. Mwezi uliopita tulimkuta shavu lile bovu limekuwa jeupe kama mshumaa. Daktari alimkata vidole vya mguu wa kushoto. Amesema safari nyingine atakachokata si vidole.

Nimelificha begi, akavunja mlango wa ghala. Nimemwambia mwenyewe kwamba timu haimtaki, akanicheka: "Mama, we unajua nini mambo ya mpira?" Vitu vingine vinamtoka. Anauliza baba yake yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa namwambia amekufa, naye analia upya kila mara kama ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi nasema yuko zizini. Juzi aliushika ule uso wa plasta wa rafuni akaniuliza, "Huyu kijana ni nani?"

Nakuomba kitu kimoja. Mwandikie barua mbaya. Si ya heshima, mbaya. Mwambie amekwisha, ni kipofu, kuna mwingine mahali pake, hata akija mlango atafungiwa. Neno lako ndilo analoliamini, neno langu halina kazi. Ukatili huo unauweza. Ufanye mara moja tu kwa ajili yangu, nisije nikamzika kwa sababu ya benchi.

Tekla Hawryluk


Port Garnet
16 Desemba 1970

Bibi Hawryluk mpendwa,

Barua yako imenigusa mpaka ndani. Sasa mimi ni meneja wa timu, nina ofisi na nywele chache, lakini Nestor sijamsahau. Kila kijana mpya namwonyesha ile barakoa msumarini na kumsimulia usiku ule.

Ila unaniomba jambo lisilowezekana. Mimi si mtu katili. Mtu aliyerudi golini na uzi mbichi usoni nimwandikie matusi, tena Krismasi? Moyo wangu haukubali. Watu kama yeye wanahitaji kutiwa moyo, mama. Nimeweka humu kikaratasi chake: "Nestor mzee wangu, goli lako liko pale pale linakusubiri. Jiweke tayari. Kocha." Mpe asome, utaona atakavyochangamka!

Heri ya sikukuu,
Lorne Haskett


Kalyna
24 Januari 1971

Mkwe wangu Darlene,

Asante kwa picha ya mtoto. Ana kidevu cha Nestor, cha zamani. Nilijibu ile barua yako ya kwanza kwa hasira, uisahau. Leo sina mwingine wa kumweleza.

Kile kikaratasi cha kocha nilikitia jikoni kwenye moto kabla Nestor hajatoka kitandani. Bahasha nikaiacha, ile yenye alama ya timu. Unajua mimi ndiye ninayefagia kanisa letu. Padri ana mashine ya kupiga chapa ofisini. Basi nikakaa pale na kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, nikaiandika mwenyewe ile barua ambayo yule bwana alikataa kuiandika. Nikaweka jina lake chini. Nikaitumbukiza kwenye sanduku letu la posta la barabarani.

Nestor aliichukua, akaingia nayo zizini. Nilimchungulia kwenye ufa. Aliziba jicho bovu kwa kiganja, akasoma taratibu, midomo inatembea. Akaikunja. Aliporudi ndani nikamuuliza, "Posta ina nini, mwanangu?" Akasema, "Salamu za kocha tu, Mama." Akala viazi vyake vyote.

Nikasema haya, yamekwisha. Kesho yake akapakia begi.

Kichwa hakishiki, Darlene, ni gunia lililotoboka. Basi nikaandika ya pili, kali zaidi. Nilipofika kwenye neno "kipofu" kidole kilikataa, nikalazimika kukishika kwa mkono wa pili. Akaisoma. "Salamu tu, Mama." Asubuhi, begi. Nikaandika ya tatu, na hiyo sitakuambia nilisema nini humo, nilipotoka niliomba kwa Mungu nikiwa bado na ufagio mkononi. Akaisoma, akaja akanisaidia kumenya vitunguu, anamenya bila chozi, harufu haimfikii. Asubuhi, begi.

Kumzuia siwezi, ana nguvu bado. Basi naamka mapema namfungia mkate na nyama, namfunga skafu mpaka puani, angalau atoke na kitu tumboni. Nikishapumua nitaandika nyingine. Lazima kuna neno baya kiasi kwamba haliwezi kusahaulika. Nitalitafuta.

Mbusu mtoto.
Tekla


Port Garnet
22 Februari 1971

Bibi Hawryluk mpendwa,

Nakurudishia humu barua niliyoipata kutoka kwa Nestor. Kwa kweli sijaelewa anazungumzia nini, maana mimi sijamwandikia kitu zaidi ya kile kikaratasi cha Krismasi. Kichwa kimeharibika kweli, pole sana. Ile sehemu ya soksi niliwasomea vijana, walivunjika mbavu, lakini kwa upendo.

Tuko nafasi ya pili kwenye ligi. Msalimie.

Lorne Haskett


Kalyna
10 Februari 1971

Kocha,

Naandika nimefumba macho, karatasi nyeupe inaniumiza, kwa hiyo mistari ikigongana unisamehe. Barua hii naipostia dukani, mkabala na stesheni.

Barua zako zimefika, zote. Usiendelee kutuma. Ya kwanza ilitosha. Mambo mengi hunitoka siku hizi. Baba amekufa, nimeambiwa, halafu asubuhi nakwenda kumtafuta zizini. Lakini hilo ulilosema wewe halijatoka hata siku moja. Naamka nalo.

Sikulaumu. Kipofu ni kweli. Hata ile Septemba daktari aliponipima, herufi za ubaoni nilizikariri kwenye foleni kutoka kwa wenzangu waliotangulia. Na hayo ya barua ya tatu nayo labda ni kweli, mke wangu angekubaliana na wewe. Kama barakoa bado iko msumarini, wape watoto waichezee. Nimeona uso wake kwenye rafu ya Mama. Si wangu.

Asante kwa mstari ule wa mwisho, ulioniambia nikae penye joto na nivae soksi mbili, ya pamba ndani, ya sufu nje. Umeuweka kwenye barua zote tatu. Hukuwahi kunipa neno la namna hiyo miaka yote. Mama ndiye huniambia hivyo.

Nina ombi. Usije ukamwandikia Mama kwamba umeniacha. Yeye anaamini ile barua yake ya aproni ndiyo iliyonifanya hivi. Hajasema. Namwona tu anavyousugua ule uso wa plasta kwa kitambaa, hasa upande wa kushoto. Nikiwa bado mchezaji wa kuitwa, basi barua yake haikuharibu kitu. Anaamka kabla yangu, Kocha. Ananifungia mkate wa safari. Ananifunga skafu mpaka puani kama mtu anayeondoka kweli. Nikimwambia yamekwisha, mikono ile ataifanyia nini?

Kwa hiyo napakia. Najua treni haisimami. Nakaa pale mpaka ile ya ngano ipite, narudi, namwambia bado, labda wiki ijayo, naye ananiangalia usoni kwa muda mrefu halafu ananiandalia supu. Miguu siisikii tena sana, si kazi kubwa.

Redio imesema kesho baridi itazidi. Nitatoka mapema, kukiwa na mwanga mdogo, ili anione dirishani mpaka nipite ghala la ngano. Anapenda kunipungia.

Nestor Hawryluk, kipa